Seti ya Narnia niliyoinunua Moshi: vitabu saba, namba 1 mbili, na swali la binadamu wa kwanza

Mwezi Juni, shule zilipofungwa, nilinunua seti ya vitabu saba vya Narnia, hadithi za watoto kuhusu nchi ya kubuni yenye jina hilo, kwa muuza vitabu vya mitumba katikati ya mji wa Moshi, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa, kwa shilingi 42,000. Nilivitaka kwa ajili ya watoto wa dada yangu, ambao kila likizo hupanda Kibosho kukaa na bibi yao, na ambao katika jioni za baridi za mwezi huo huhitaji kitu cha kuwakusanya karibu na moto baada ya chakula. Tumevisoma vyote saba, mimi nikisoma kwa sauti na kufafanua kwa Kiswahili pale Kiingereza kilipokuwa kigumu, na tathmini hii ninamwandikia mzazi, mlezi au mwalimu anayeviona vitabu hivi kwenye meza za mitumba na kujiuliza kama vinafaa kununuliwa. Vinafaa sana. Hata hivyo, kuna jambo moja la mpangilio ambalo anapaswa kulijua kabla ya kumfungulia mtoto ukurasa wa kwanza, kwa sababu likikosewa, dosari ndogo za hadithi, ambazo watoto hawakosi kuziona, hugeuka kuwa kubwa.

Nianze na vitabu vyenyewe. Vitano ni vya toleo jipya, lenye karatasi nyeupe na maandishi ya ukubwa unaomfaa mtoto. Viwili ni vya toleo la zamani la Marekani. Karatasi zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, na gundi ya mgongoni imekauka kiasi kwamba kitabu kikifunguliwa kwa nguvu kurasa huachia. Muuzaji hakunificha hali hiyo, kwani alinifungulia kimoja kimoja mbele ya macho yangu, na bei aliyonitajia iliizingatia. Michoro ya Pauline Baynes, aliyevichorea vitabu vyote saba tangu vilipotoka mara ya kwanza, imetoka vizuri, na mtoto wetu mdogo kuliko wote, ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga, aliifuata hadithi kwa kuikodolea macho michoro hiyo huku akisikiliza.

Tatizo lilijitokeza nilipovipanga mezani kwa namba zilizoandikwa mgongoni. Palikuwa na namba 1 mbili, namba 3 mbili, kisha 4, 6 na 7, lakini namba 2 na 5 hazikuwepo. Binti wa dada yangu, aliye darasa la sita, alitazama safu ile akaniambia, "Mjomba, umeuziwa pungufu." Nilivihesabu tena, nikasoma jina la kila kimoja, nikakuta hadithi zote saba zimo. Kilichotokea ni kwamba muuzaji alikamilisha seti yake kutoka matoleo mawili yanayohesabu kwa njia mbili tofauti, na njia hizo mbili ndizo kiini cha tathmini hii.

C. S. Lewis, mwandishi aliyezaliwa Belfast na kufundisha Oxford kwa miaka mingi, alitoa vitabu hivi kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956. Cha kwanza kilikuwa The Lion, the Witch and the Wardrobe, kikafuatwa na Prince Caspian, The Voyage of the Dawn Treader, The Silver Chair, The Horse and His Boy, The Magician's Nephew, na hatimaye The Last Battle. Nyumbani kwetu hatuviiti hivyo. Watoto walivibatiza kitabu cha kabati, cha Caspian, cha merikebu, cha kiti, cha farasi, cha pete na cha mwisho, na majina hayo ndiyo nitakayoyatumia hapa. Toleo la zamani la Marekani linafuata utaratibu wa kuchapishwa, kwa hiyo kitabu cha kabati ni namba 1. Mwaka 1994 vilipotolewa upya, vilipewa namba kwa kufuata mtiririko wa matukio ndani ya hadithi, na kwa kuwa kitabu cha pete kinasimulia jinsi Narnia ilivyoumbwa, hicho kikawa namba 1, cha kabati kikasukumwa hadi nafasi ya 2, na cha farasi kikaruka kutoka nafasi ya 5 hadi ya 3.

Mimi niliona busara kuanza na mwanzo wa dunia, nikafungua kitabu cha pete. Watoto walikipenda tangu siku ya kwanza, hasa kwa sababu mchawi anayemtuma mpwa wake katika ulimwengu mwingine kwa hila ya pete ni kaka wa mama yake mtoto huyo, yaani mjomba kamili kwa hesabu zetu, na kwa jioni mbili nilitazamwa kwa mashaka. Tulimwona simba Aslan akiimba na ulimwengu ukitokea kwa wimbo wake. Tulimwona Frank, dereva wa gari la farasi wa London, na mkewe Helen, aliyeitwa ghafla akiwa katikati ya kufua nguo, mikono ikiwa bado na povu la sabuni, wakifanywa mfalme na malkia wa kwanza wa Narnia. Tukaambiwa kwamba mtoto wao wa pili wa kiume alikuja kuwa mfalme wa Archenland, nchi jirani iliyo upande wa kusini. Yote yaliingia akilini vizuri.

Ndipo tukafungua kitabu cha kabati. Lucy na ndugu zake watatu wanapita kabatini, wanafika Narnia iliyofunikwa na theluji kwa uchawi wa Mchawi Mweupe anayeitawala, na Bwana Beaver, mnyama wa mtoni anayesema kama mtu, anawaeleza kwamba Aslan amewahi kusikika akija pande hizo zamani, lakini hakuna yeyote wa jamii yao, yaani wanadamu, aliyewahi kufika. Binti wa dada yangu alinikatiza kabla sijamaliza sentensi. "Na Frank na Helen?" aliuliza. Niliuinamia ukurasa nikitafuta kama nimesoma vibaya, nikaona pembeni mwa mstari uleule alama ya kuuliza iliyoandikwa kwa penseli, imefifia lakini inaonekana. Msomaji fulani wa zamani, ambaye sitamjua kamwe, alikwama mahali palepale.

Kwa msomaji wa Kiswahili swali hili lina uzito wa pekee. Wahusika wa Narnia hawasemi tu "mtu". Humwita kila mgeni wa jamii yetu mwana wa Adamu au binti Hawa, na kwa Kiingereza maneno hayo husikika kama ya kale na ya kifahari. Kwetu sisi ndiyo maneno ya kila siku, kwani binadamu ni bin Adamu, na tunamtaja huyo bin Adamu sokoni, kwenye daladala na msibani bila kufikiri. Kwa hiyo nilipotafsiri kwamba Narnia haijawahi kumwona binadamu, watoto hawakusikia fumbo lolote. Walisikia taarifa ya wazi, na taarifa hiyo ilipingana na kitabu walichokimaliza wiki iliyotangulia.

Tulipoanza kuchimba, tulikuta mengine. Katika pango la Tumnus, kiumbe wa nusu mtu na nusu mbuzi anayemkaribisha Lucy chai, rafu ina kitabu ambacho jina lake linauliza kama mwanadamu ni kiumbe wa hadithi tu. Ni mzaha mtamu, na unafanya kazi vizuri mtu anapokisoma kitabu cha kabati peke yake. Lakini kitabu cha farasi, kinachosimulia mambo yaliyotokea wakati Lucy na ndugu zake wakitawala, kinatuonyesha Archenland ikiwa na Mfalme Lune, binadamu mwenye wana wawili mapacha, na ng'ambo ya jangwa himaya kubwa ya Calormen iliyojaa watu, masoko na majeshi. Mtu wa makamo kama Lune hawezi kuwa alizaliwa baada ya baridi ya mchawi kwisha. Alikuwepo wakati Tumnus akiweka kitabu kile kwenye rafu, tena nyuma ya milima ya jirani, na wasomi wa Narnia hawakuwa na habari kwamba mpakani kwao kuna mfalme binadamu.

Nilijaribu kumtetea mwandishi, na nadhani utetezi huo unafika mahali fulani. Katika kitabu cha Caspian tunaambiwa kwamba mchawi alitawala kwa miaka 100 ya baridi. Katika muda huo, chini ya utawala uliowageuza wapinzani kuwa mawe na kuweka wapelelezi hata miongoni mwa miti, kumbukumbu za wafalme wa zamani zingeweza kufutika, na Beaver angeweza kusema kwa nia njema jambo lisilo kweli. Ila utetezi huu unakutana na nyegere mmoja. Trufflehunter, yule nyegere wa kitabu cha Caspian, anaishi zaidi ya miaka 1,000 baadaye, na bado anashikilia kwamba Narnia haikuwahi kukaa sawa ila pale mwana wa Adamu alipokuwa mfalme, tena anajivunia kwamba wanyama wa aina yake hawasahau. Ikiwa nyegere wanakumbuka, swali la kwa nini hakuna aliyemkumbusha Beaver linabaki palepale.

Maelezo ya kweli yako nje ya hadithi, na niliwaeleza watoto bila kuficha. Mwaka 1957 Lewis alimwandikia mvulana mmoja wa Marekani kwamba alipokuwa akiandika kitabu cha kabati hakujua kama ataandika kingine, na kwamba alipomaliza cha merikebu alikuwa na hakika kuwa ndicho cha mwisho. Alianza na picha iliyomkaa kichwani tangu akiwa na umri wa miaka kama 16, ya kiumbe wa nusu mbuzi akipita kwenye msitu wa theluji na mwavuli na vifurushi mkononi. Beaver alipotamka maneno yake, Frank na Helen hawakuwa wameumbwa bado. Kitabu cha pete ndicho kilichokamilika mwisho kabisa kati ya vyote saba, hata baada ya kile cha mwisho, na kazi yake kubwa ni kurudi nyuma na kueleza mambo yaliyokuwa yamekwisha kutajwa: nguzo ya taa inayowaka katikati ya msitu, kabati, na profesa mwenye nyumba lilimo kabati hilo.

Jioni iliyochangamka kuliko zote ilikuwa ya viazi. Kwa Beaver watoto wanalishwa samaki waliovuliwa kwenye tundu la barafu, na hao tuliwakubali wote. Kisha vinakuja viazi, siagi nyingi ya njano na maziwa, baada ya kuwa tayari Tumnus amemwandalia Lucy yai, dagaa wa kopo juu ya mkate, asali na keki ya sukari. Bibi yao, ambaye alikuwa akisikiliza huku akimenya ndizi, aliuliza ng'ombe wa Narnia anakula nini ikiwa ardhi imefunikwa na theluji miaka yote hiyo. Ni mwanamke anayepanda viazi mviringo huko juu na anajua umande mmoja wa baridi kali unavyoweza kuunguza majani yake usiku mmoja, na hakuwa akitania. Tulihesabu: shamba hakuna, nyuki hawana maua, na mke wa Beaver anashona kwa cherehani katika nchi isiyo na kiwanda hata kimoja, kisha Baba Krismasi anamletea nyingine mpya. Inajulikana kwamba J. R. R. Tolkien, rafiki wa Lewis, hakuupenda mchanganyiko wa namna hii, na baada ya jioni ile ninamwelewa. Hata hivyo, mtoto mdogo alisema kwamba chakula kile ndicho sehemu aliyoipenda kuliko zote, na akataka tuirudie. Hapo dosari na uzuri vimekaa katika sahani moja, na sioni jinsi mhariri angeweza kuondoa viazi bila kuondoa na joto la nyumba ile.

Ukoo wa mchawi nao una mgogoro. Beaver anawaambia watoto kwamba Mchawi Mweupe ametokana na Lilith, mke wa kwanza wa Adamu, aliyekuwa wa jamii ya majini, na kwa upande mwingine ametokana na majitu. Watoto waliokulia Tanzania hawahitaji maelezo juu ya majini, na neno lile lilifanya moto usogelewe zaidi. Lakini kitabu cha pete kilikuwa kimetuonyesha mwanamke huyohuyo, Jadis, akiwa malkia wa mwisho wa Charn, ulimwengu mwingine kabisa ambao aliuangamiza kwa neno moja, na Adamu hatajwi popote katika asili yake. Lewis aliliona fundo hilo, kwa maana aligusia kwamba huenda damu ya majitu ilikuwemo katika ukoo wa kifalme wa Charn, ila kuhusu Lilith hakusema tena lolote. Vigumu zaidi ni sheria inayompa mchawi haki juu ya kila msaliti, sheria iliyowekwa Narnia tangu mwanzo na ambayo Aslan mwenyewe haikanushi. Kwa msomaji wa kitabu cha kabati pekee, mchawi ni mnyongaji wa zamani wa dola, kama Beaver anavyomwita kwa dharau. Kwa aliyetangulia kusoma kitabu cha pete, ni mvamizi aliyeingia saa ileile Narnia ilipokuwa ikizaliwa, na kazi hiyo hakuna mahali anapoonekana akipewa.

Umri wa profesa ni jambo dogo. Kitabu cha kabati kinamwita mzee sana mwenye nywele nyeupe zilizojaa hadi usoni, ilhali ratiba ya miaka ambayo Lewis aliiandaa baadaye inamfanya azaliwe 1888 na hadithi itokee 1940, yaani akiwa na miaka 52. Bibi alicheka sana aliposikia.

Tofauti za matoleo, kwa upande mwingine, si kosa la hadithi, ingawa mnunuzi wa mitumba anaweza kuzidhania hivyo. Mtoto wa jirani alikuja na nakala ya kitabu cha kabati aliyoazima maktaba ya shule, na tulipofika kwa mbwa mwitu anayeongoza polisi wa mchawi, yeye alisoma Maugrim na mimi nikasoma Fenris Ulf. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekosea. Ukweli ni kwamba Lewis mwenyewe alibadilisha mambo kadhaa kwa ajili ya toleo la Marekani, na kisa cha Kisiwa cha Giza katika kitabu cha merikebu hakimaliziki sawasawa katika matoleo hayo mawili. Tangu 1994 matoleo mapya yamerudi kwenye maandishi ya Uingereza. Mnunuzi anayetaka majina yafanane kutoka kitabu hadi kitabu anapaswa kufungua kile cha kabati palepale mezani, katikati hivi, na kumtafuta mbwa mwitu huyo.

Sasa nirudi kwenye namba. Wanaotetea mpangilio mpya hutumia barua ileile ya 1957, kwa kuwa mvulana yule alipendelea mtiririko wa matukio na Lewis akamwambia kwamba anakubaliana naye zaidi kuliko na mama yake. Ni kweli aliandika hivyo. Aliandika pia kwamba huenda haijalishi sana mtu anasoma kwa utaratibu gani. Mimi, baada ya kusoma kwa sauti mbele ya watoto wanne, ninaona inajali. Jina la Aslan linapotajwa mara ya kwanza katika kitabu cha kabati, msimulizi anasema kwamba watoto wale hawakumjua, sawa na msomaji naye asivyomjua. Kwa watoto wangu sentensi hiyo ilikuwa si kweli, kwa maana walikwisha kumsikia akiimba hadi milima ikatokea, na mahali ambapo walipaswa kusisimka kwa kutojua walinitazama wakingoja niendelee. Nguzo ya taa nayo, ambayo Lucy anaikuta gizani bila maelezo yoyote, ilipokelewa kama mtu wanayemfahamu. Tungeanza na kabati, kauli ya Beaver ingepita bila kusumbua mtu, na vitabu vitano baadaye, tulipokutana na Frank, swali lingekuja taratibu, likiwa swali la mtu anayerudi nyuma kukumbuka.

Nimejiuliza pia kwa nini watoto haohao, wanaosikiliza kwa bibi yao hadithi za Sungura anayekufa leo na kesho yuko shambani akiiba karanga, hawajawahi kumhoji bibi hata mara moja. Nadhani ni kwa sababu hadithi ya mdomo huanza upya kila usiku na haidai kuunganishwa na ya jana, wakati Lewis aliwapa watoto wafalme, nasaba, mipaka na ramani. Aliwafundisha kuiamini Narnia kama nchi, na mtu anayeiamini nchi huuliza ni nani aliyeitawala kwanza. Maswali yao yanatokana na kazi yake nzuri. Yeye mwenyewe hakuyapuuza: Novemba 1963, siku chache kabla ya kufariki tarehe 22, alikutana na Kaye Webb, mhariri wa vitabu vya watoto vya Puffin, akaahidi kuvipitia upya vitabu hivi na kuyaunganisha yale ambayo hayakuungana. Hakupata muda. Nilipowasomea watoto habari hiyo, binti wa dada yangu alinyamaza kwa kitambo, kisha akauliza kama angemwondoa Frank au angebadilisha maneno ya Beaver. Mimi ningebadilisha maneno ya Beaver. Yeye alisema angeyaacha, ila angemfanya Beaver aseme kwamba ndivyo alivyosikia kwa wazee.

Kwa shilingi 42,000 ninaiona seti hii kuwa ununuzi mzuri, licha ya gundi iliyokauka, na ningeipendekeza kwa mtoto wa kuanzia darasa la tano akiwa na mtu mzima wa kumsomea, au kidato cha kwanza akisoma mwenyewe. Mwenye pesa ya kitabu kimoja tu anunue cha kabati, kwa sababu kinajitosheleza. Atakayevinunua vyote asizifuate namba za toleo jipya katika usomaji wa kwanza. Vyetu nimevibandikia utepe wa karatasi mgongoni, na binti wa dada yangu ameandika namba upya kwa kalamu nyeusi, kabati ikiwa 1 na pete ikiwa 6. Alama ya penseli pembeni mwa maneno ya Beaver hatukuifuta. Chini yake ameongeza ya kwake.